Namna ya kupiga hesabu ya mawimbi ya spini kwenye sumaku zilizopinda, kwa daftari na kalkuleta

Kama umeanza kupiga hesabu ya mawimbi kabla hujajua spini zako (vile visumaku vidogo vya kila atomu) zimelalaje, weka kalamu chini kwanza. Sumaku iliyopinda ni ile ambayo spini zake hazilali kwenye mstari mmoja. Nimekaa na vijana kadhaa hapa Mtwara wanaosoma fizikia vyuoni, wakirudi likizo wananifuata na madaftari yao, na karibu wote wamekwama palepale, wamekimbilia fomula ya mawimbi kwa sababu ndo inaonekana ngumu na ya maana, alafu hatua ya mwanzo ya kutafuta mpangilio wenyewe wameipita kama wanapita geti lililo wazi. Kazi yote iko kwenye ile hatua ya mwanzo. Mpangilio ukiwa sahihi mawimbi yanakuja yenyewe, ukikosea mpangilio utapiga hesabu mpaka kuche na hutapata kitu.

Naandika hapa njia ninayowapitisha. Unahitaji daftari, kalkuleta yenye sin na cos (ile ya fomu foo inatosha kabisa), karatasi ya grafu, boksi tupu la biskuti, mkasi na kijiti kimoja cha mshikaki. Laptopu ukiwa nayo vizuri, ila usiiwashe bado.

Tunaongelea vihami, yaani vitu ambavyo elektroni zake hazitembei kupitisha umeme, na ndani yake kuna atomu za madini adimu: gadolini, terbi, disprosi, holmi, erbi, iterbi na ndugu zao. Huku Kusini mtu akisikia madini anawaza kinywe cha Ruangwa, lakini kinywe ni kaboni, hakimo kwenye hii habari. Madini adimu kwa hapa nyumbani yanajulikana zaidi kule Ngualla, mkoa wa Songwe, kwenye neodimi na praseodimi. Uzuri wa kihami ni kwamba kila spini inakaa kwake, ina nyumba na ina namba ya nyumba, unaweza kuzihesabu moja moja na kuuliza nani anaongea na nani. Kwenye holmi ya chuma tupu spini nazo zinajizungusha kama ngazi ya mzunguko, ila pale mazungumzo yanabebwa na elektroni zinazotembea, jirani wa mbali naye anasikia, hesabu inakuwa ndefu. Anza na kihami.

Sasa ijue atomu yako. Elektroni zinazofanya usumaku hapa ni zile za ganda la 4f, na hizi zimefichwa ndani, juu yake kuna 5s na 5p zimezifunika, ni kama kokwa la korosho ndani ya ganda lake: unaishika korosho mkononi lakini kokwa lenyewe hujaligusa. Ndo maana spini za madini adimu zinasikilizana kwa sauti ndogo sana. Er2Ti2O7 (kihami cha erbi, titani na oksijeni) mpaka uipoze ifike kama kelvini 1.2 ndo spini zake zinajipanga, wakati kwenye ile familia ya RFeO3 (R ni madini adimu yoyote) chuma chake kinajipanga tangu juu ya kelvini 600, kwa sababu elektroni za 3d za chuma ziko nje nje. Kwenye kihami kimoja unaweza kuwa na jamii hizo mbili pamoja, ya chuma au manganizi inayopiga kelele na ya madini adimu inayonong'ona, na inayonong'ona inaamka baadaye kabisa ukishapoza sana. Kwenye TbMnO3 kwa mfano manganizi inaanza kujipanga kwenye kelvini 41 hivi, ikifika 28 mpangilio wake unageuka kuwa wa kuzunguka, na terbi yenyewe inakuja kujipanga kwenye kelvini 7.

Kwa kila atomu tafuta namba tatu kwa kanuni za Hund: S (spini ya jumla), L (mzunguko wa elektroni) na J (hizo mbili zikiunganishwa). Disprosi yenye chaji +3 ina elektroni 9 kwenye 4f, unapata S = 5/2, L = 5, J = 15/2. Ukiingiza kwenye fomula ya Landé unapata g = 4/3, kwa hiyo usumaku wake ukijaa ni g mara J, yaani magnetoni za Bohr 10 (magnetoni ya Bohr ni kipimo cha usumaku wa atomu). Hiyo ni kubwa sana. Gadolini ina elektroni 7, ganda limejaa nusu kamili, L yake ni sifuri na S ni 7/2, na hii L kuwa sifuri ndo inafanya gadolini iwe mwalimu mzuri wa kuanza naye: wingu lake la elektroni ni mviringo, halijali sana kioo kinachoizunguka, spini iko huru kuelekea popote. Disprosi na holmi haziko hivyo, wingu lao limebonyea, na oksijeni zinazozunguka zinalibana liangalie upande mmoja. Andika hilo pembeni ya daftari, tutarudi.

Na usisahau kwamba spini za magnetoni 10 ni sumaku kubwa zenyewe, zinavutana moja kwa moja kama sumaku mbili za dukani. Zikiwa umbali wa angstromu 3.5, nguvu hiyo peke yake ni kama kelvini 1.4. Kwenye chuma ungeipuuza, ila humu inalingana na mazungumzo ya kubadilishana elektroni, kwa hiyo ukiipuuza unadanganya.

Haya. Sasa chora nani anaongea na nani.

Chukua mfano mwepesi kuliko wote, mstari mmoja wa spini, kila moja inaongea na jirani wa kwanza kwa nguvu J1 na jirani wa pili kwa nguvu J2. Kabla hujaendelea amua alama. Mi natumia hivi (J hapa ni nguvu ya mazungumzo, si ile J ya Hund): J ikiwa chanya, majirani wanataka kuelekea kinyume, ikiwa hasi, wanataka kuelekea pamoja. Makala nyingine zinageuza alama, nyingine zinahesabu kila jozi mara mbili, na hili limepoteza watu wengi kuliko fomula yoyote. Namna ya kuikagua: chukua spini mbili tu, zipange pamoja halafu kinyume, piga nishati ya kila hali, uone ipi iko chini. Dakika mbili.

Tuseme J1 = −1 meV na J2 = +0.5 meV (meV ni milielektronivolti, kipimo cha nishati). Yaani jirani wa kwanza anasema tuelekee pamoja, jirani wa pili anasema tuelekee kinyume. Hawawezi kuridhika wote. Ukimfuata wa kwanza kabisa, wa pili analalamika, ukimfuata wa pili wa kwanza analalamika. Wanachofanya spini ni kile ambacho watu wenye busara wanafanya kwenye kikao cha ukoo, kila mmoja anaachia kidogo: kila spini inageuka kwa pembe θ kutoka kwa ile iliyopita. Wazo hili la mpangilio wa kuzunguka walilileta Yoshimori, Villain na Kaplan mwaka 1959, kila mtu kivyake.

Nishati kwa kila spini, ukiigawa kwa S mraba, ni

E = J1 cos θ + J2 cos 2θ

Usikimbilie kutafuta mteremko. Piga kwanza kwa namba, ujionee. θ = 0: −1 + 0.5 = −0.5. θ = 90: 0 − 0.5 = −0.5. θ = 180: 1 + 0.5 = 1.5. θ = 60: −0.5 − 0.25 = −0.75. Umeona? Sitini imeenda chini kuliko zote. Sasa ndo tafuta mteremko, uwe sifuri, utapata

cos θ = −J1 / (4 J2)

na kwa namba zetu ni 1/(4 × 0.5) = 0.5, θ ni digrii 60 kamili. Hii inafanya kazi tu kama J2 ni chanya na 4 J2 ni kubwa kuliko J1 ukiondoa alama yake. J2 ikiwa 0.25 kamili pembe inakufa, spini zote zinaelekea upande mmoja, na ukishuka chini ya hapo hakuna mzunguko tena.

Sasa chukua boksi la biskuti. Kata visahani saba, chora mshale kwenye kila kimoja, vichome kwenye kijiti cha mshikaki kimoja baada ya kingine, kila kimoja ukigeuze digrii 60 kutoka kwa aliyetangulia. Cha saba kitaelekea sawa na cha kwanza. Nakuomba ufanye hili kweli, usiseme nimeelewa. Nina kijana mmoja alikuwa anaandika cos na sin vizuri kabisa lakini hajawahi kuona kitu chenyewe, nilipompa kijiti akakizungusha mbele ya macho akasema kumbe ni kama kinyago cha ujamaa, watu wanapanda wakizunguka mti. Ni hivyo hivyo. Wamakonde wanachonga hiki kitu kwenye mpingo bila J1 wala J2.

Zipo njia nyingine za kupinda ambazo utakutana nazo. Pembetatu yenye spini tatu kila mmoja akitaka kumgeukia mwenzake kinyume, haiwezekani, wanaishia digrii 120. Kwenye mitandao ya piramidi kama Er2Ti2O7 na Dy2Ti2O7, kila pembe ya piramidi ina mhimili wake na mihimili hiyo inapishana kwa digrii 109.5, kwa hiyo hata spini zikitii kabisa zinakuwa zimepishana. Kwenye ganeti za chuma zenye terbi au holmi, ukizipoza sana spini za madini adimu zinafunguka kama mwavuli. Na kuna ule mvuto wa Dzyaloshinskii na Moriya (1958 na 1960) unaotaka majirani wakae digrii 90, ambao kwenye RFeO3 unashindwa na J kubwa na kuishia kuzipindisha spini za chuma chini ya digrii moja tu, ila hiyo digrii isiyofika moja inatosha kukifanya kioo kizima kiwe na usumaku unaoupima. Kwa mpangilio wowote wa spini za aina moja zinazoongea kwa J, njia ya jumla ni ya Luttinger na Tisza ya mwaka 1946: andika J(k), yaani jumla ya mazungumzo ya spini moja na majirani wake wote pale pembe inapogeuka k kila hatua, tafuta k inayoipeleka chini kabisa, hiyo ndo Q yako, pembe ya kugeuka kwa kila hatua.

Kwa mstari wetu J(k) = 2 J1 cos k + 2 J2 cos 2k, ambayo kwa namba zetu ni −2 cos k + cos 2k. Ndogo kuliko zote ni pale k = 60, inatoka −1.5. Ishike hiyo namba, J(Q) = −1.5.

Sasa ndo mawimbi. Spini haianguki ukiisukuma. Ni kama pia ya mtoto: ikiwa inazunguka ukaigusa, haidondoki, inayumba kwa kuzunguka. Landau na Lifshitz waliiandika hiyo milinganyo mwaka 1935, na Bloch alishaongelea mawimbi yenyewe mwaka 1930. Spini moja ikiyumba jirani anasikia, naye anayumba kwa kuchelewa kidogo, wa tatu anachelewa zaidi, na huo mchelewo ndo k. Ukiwa umevuka na pantoni kwenda Msangamkuu umeona mitumbwi iliyofungwa kamba moja inavyoinuka, mmoja mmoja, hakuna mtumbwi uliosafiri lakini kuna kitu kimepita.

Ugumu wa mpangilio uliopinda uko hapa: kila spini ina "mbele" yake. Ukiandika milinganyo kwa kaskazini na mashariki ya chumba, kila spini itakuwa na mlinganyo wake na hutamaliza. Dawa ni kuhamia ndani ya kila spini. Fikiria watu wamezunguka duara la ngoma, ukiwaambia wote "nyanyua mkono upande wa baharini" kila mtu anafanya kitu tofauti na mwili wake, ila ukisema "nyanyua mkono wa kulia" wote wanafanya kitu kimoja. Kwa hiyo geuza mihimili kwa Q kila hatua, mbele iwe pale spini inapoelekea, kisha ruhusu miyumbo miwili tu: ya kwenda pembeni ndani ya ule uso wa kuzunguka, na ya kutoka nje ya uso. Ukipiga hesabu ukabaki na miyumbo midogo tu, unapata hii, ω ikiwa nishati ya wimbi:

ω(k) = S × kipeuo cha pili cha [ A(k) × B(k) ]

A(k) = J(k) − J(Q)

B(k) = nusu ya [ J(k+Q) + J(k−Q) ] − J(Q)

A ni ugumu wa kutoka nje ya uso, B ni ugumu wa kuyumba ndani ya uso. Usiiamini kwa sababu nimeiandika mi. Weka Q = 0 na J1 hasi peke yake, itakupa fomula ya sumaku ya kawaida, 2S mara J mara (1 − cos k). Weka Q = 180 na J1 chanya, itakupa 2JS sin k. Zote mbili ziko kwenye kitabu chochote cha hali mango, na kama hazijatoka umekosea mahali, tafuta kabla hujasonga.

Kwa mfano wetu nusu ya ile jumla inarahisika kuwa −cos k − 0.5 cos 2k. Sasa jaza jedwali kwa mkono, S ni 7/2 kama gadolini. k = 0: A ni 0.5, B ni 0, ω ni sifuri. k = 30: A ni 0.268, B ni 0.384, ω ni 1.12 meV. k = 45: 0.91 meV. k = 60: A ni 0, ω ni sifuri tena. k = 90: A ni 0.5, B ni 2, zidisha ni 1, ω ni 3.5 meV. k = 120: 7.42 meV. k = 180: A ni 4.5, B ni 2, zidisha 9, kipeuo 3, ω ni 10.5 meV. Ziweke kwenye grafu. Utaona kilima kidogo kati ya 0 na 60, bonde linalogusa chini, alafu mlima mrefu mpaka 180. (Hizi J nimezikuza ili namba ziwe nzuri mkononi, kwenye kihami halisi cha gadolini J mara nyingi ni ndogo mara kumi au mara mia, ila umbo la grafu halibadiliki, unagawa tu.)

Zile sifuri mbili ndo ukaguzi wako mkuu, na zina maana. Sifuri ya k = 0 inasema: geuza visahani vyote pamoja kwenye kijiti, hakuna aliyelipa gharama. Sifuri ya k = 60 inasema: inamisha uso mzima wa kuzunguka, pia hakuna gharama. Shika kijiti chako ufanye hivyo vitu viwili, utaona kwa macho. Sifuri zisipotokea na hujaweka kitu cha kuzizuia, hesabu yako ina kosa.

Nieleze kosa nililolifanya mi, kwa sababu naliona kwa kila anayeanza. Mara ya kwanza nilipojaribu nilichukua θ = 90 kutoka kwenye mchoro wa kitu kingine nikaiweka kwenye J zangu bila kuikagua. Siku tatu kipeuo kinaleta namba hasi ndani, nikadhani nimekosea aljebra, nikairudia mara nne, usiku umeme ukikatika naendelea na tochi ya simu. Aljebra ilikuwa sawa. Jaribu mwenyewe: weka Q = 90, J(Q) inakuwa −1. Nenda k = 60: A inakuwa −1.5 + 1 = −0.5, B inakuwa 0.5 + 1 = 1.5, zidisha unapata −0.75. Hakuna kipeuo. Ila angalia vizuri ni wapi A imezama kuliko kote: ni k = 60, palepale penye jibu sahihi! Hesabu ilikuwa inaniambia siku tatu nzima "mpangilio wako si huu, mpangilio wako uko sitini", na mi nafuta nafuta. Kwa hiyo ukikuta namba hasi ndani ya kipeuo usifute. Tafuta k ambayo A yake imezama kuliko kote, rudi nayo mwanzo kama Q mpya, kagua nishati yake upya.

Sasa rudi kwenye kile ulichoandika pembeni, wingu lililobonyea. Tuseme kioo kinazitaka spini zikae ndani ya uso, kwa gharama D kila zikitoka. Ongeza 2D kwenye A, basi. Na D = 0.1 meV, kwenye k = 60 A inakuwa 0.2, B ni 1.25, zidisha 0.25, kipeuo 0.5, ω ni 1.75 meV. Bonde limenyanyuka, kuinamisha uso sasa kuna gharama. Lakini k = 0 bado ni sifuri, kwa sababu kuzunguka ndani ya uso bado ni bure. Hiki ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye somo hili, kwamba mtu akikuletea grafu ya kipimo, kwa kuangalia bonde lipi limenyanyuka na lipi limebaki chini unajua kioo kinazibana spini upande gani, hujaigusa hata atomu moja.

Kipimo chenyewe ni cha nyutroni. Brockhouse na Shull walipewa Nobeli mwaka 1994 kwa kazi hiyo ya kutawanya nyutroni. Nyutroni ina spini, inaingia kwenye kioo, inaacha nishati kidogo kwa wimbi, inatoka imepungua, unapima imepungua kiasi gani na imepinda wapi. Ukitaka kujua nyutroni ya kutumia, nishati kwa meV ni 81.8 gawa kwa urefu wa wimbi mraba: angstromu 5 inakupa 3.27 meV, inafaa kwa bonde la chini, haifiki mlima wa 10.5. Kuna mambo mawili ya kujua kabla hujalinganisha grafu yako na yao. La kwanza, nyutroni haimo ndani ya spini, inaangalia kutoka chumbani, kwa hiyo miyumbo ya ndani ya uso inaiona imesogea kwa Q mbele na nyuma. Badala ya mstari mmoja utaona mitatu, ω(k), ω(k+Q) na ω(k−Q), chora yote mitatu. La pili, gadolini inameza nyutroni vibaya sana, kwa hiyo wanaopima wanatengeneza kioo kwa isotopu kama gadolini 160, na hiyo ni bei.

Sasa ndo washa laptopu. Andika jedwali lako kwenye Python, mistari kumi na tano haifiki, hakikisha inatoa 3.5 na 10.5 kama mkono wako. Ukishakuwa na spini nyingi kwenye chumba kimoja cha kioo mkono hautoshi tena, pale unatumia njia ya Holstein na Primakoff ya 1940 kwa matriki. Ipo SpinW, ambayo Toth na Lake waliandika nadharia yake mwaka 2015 kwa ajili ya mipangilio hii hii ya kuzunguka, asili yake inatumia Matlab, na ipo Sunny inayotumia Julia, ambayo ni ya bure, pakua ukiwa na bando la kutosha. Kwa yoyote ile jaribio la kwanza liwe mstari wetu wa J1 na J2. Ikikupa sifuri kwenye 0 na 60 endelea.

Na ujue inapoishia. Hesabu hii inadhani miyumbo ni midogo na spini ni kubwa. Gadolini yenye 7/2 inaivumilia vizuri. Dy2Ti2O7 na Ho2Ti2O7 haziivumilii, spini zao zimebanwa kabisa kwenye mhimili, kila piramidi mbili zinaingia mbili zinatoka, na hazina mpangilio mmoja wa kuanzia, hiyo ndo barafu ya spini, inataka nadharia nyingine kabisa, usipoteze mwezi. Pia kwenye mpangilio uliopinda wimbi moja linaweza kuvunjika kuwa mawili, kitu ambacho kwenye sumaku zilizonyooka kimezuiwa mara nyingi, kwa hiyo ukiona mstari wa kipimo umetanuka na kufifia pale juu usilaumu mashine kwanza.

Zoezi la kuanza nalo leo jioni: J1 ibaki −1, J2 iwe 0.3, S ileile 7/2. Cos θ itakuwa 0.833, pembe 33.6 hivi. Ukitengeneza kwenye kijiti utaona mduara haufungi kwenye kisahani cha kumi na moja wala cha kumi na mbili, unapita katikati, na hilo si kosa, vihami vingi viko hivyo. Jaza jedwali. Kwenye 180 unatakiwa upate 12.83 meV, na sifuri yako ya pili iwe palepale kwenye 33.6.